Kura ya Shilingi Elfu Ishirini

Nilipokuwa nikifundisha saikolojia chuo cha ualimu, somo la kwanza halikubadilika: Wilhelm Wundt, Leipzig, 1879, maabara ya kwanza. Wanachuo wananakili, hakuna anayeuliza. Sasa nimestaafu, nalima mpunga Ifakara, na ningerudi darasani leo ningeanzia hapa hapa bondeni.

Utafiti wa Ifakara ukitajwa, watu huwaza mbu. Si ajabu, maana maabara ya Mswisi Rudolf Geigy ilianzishwa hapa 1957, na taasisi iliyokulia humo ingali inafuga mbu. Lakini mwaka 2009 aliyepimwa alikuwa binadamu na uamuzi wake. Vijana wa miaka 18 hadi 30 na wenzi wao, jumla 2,399, wa vijiji 10 vya Kilombero na Ulanga, walipimwa magonjwa ya zinaa kila baada ya miezi 4. Kura iliamua nani aingie kundi lipi. Kundi moja, ukikutwa salama unapewa shilingi 10,000. La pili, 20,000. La tatu, hata senti hupati. Aliyekutwa na ugonjwa alitibiwa bure, na awamu iliyofuata akaruhusiwa kujaribu tena.

Asili ya noti ile si Wundt. Ni Edward Thorndike, aliyefungia paka masandukuni mwaka 1898 na kuweka chakula nje, aone watajifunza upesi kiasi gani kujifungulia.

Kura nayo ina asili yake. Huko Baltimore, miaka ya 1880, Charles Peirce na mwanafunzi wake Joseph Jastrow walichanganya karata ili anayepimwa hisia za uzito asiweze kubashiri kinachofuata. Karata hazina jirani. Kijijini, majirani wawili wenye mashamba yanayopakana, mmoja anaondoka na elfu ishirini, mwenzake na ushauri nasaha. Mweleze huyo wa pili kwamba hakukosa lolote!

Miezi 4 ikapita, 8 ikapita, tofauti haikuonekana. Mwaka ulipotimia, maambukizi katika kundi la elfu ishirini yalikuwa pungufu kwa takribani asilimia 27. Elfu kumi haikufua dafu.

Malipo yalisitishwa, na mwaka mmoja baadaye watafiti wakarudi kupima. Kwa wanaume nafuu ilikuwa ingalipo. Kwa wanawake imetoweka. Wanachuo wangu ningewapa hilo kama zoezi la nyumbani, ingawa jibu langu ninalo: fedha ilimpa mwanamke hoja ya kumwekea mumewe mezani, na ilipokoma, akabaki hana la kutaja.