Huyu Mtu Hatajwi Jina, Ila Barabara Ilikuwa Yake Kabla ya Gari

Wadau, mmezoea hapa tunacheza mchezo wa kukisia. Staa fulani wa Bongo Fleva, gari jeusi, hoteli ya Masaki, mnaanza kutaja majina kwenye maoni. Leo nawaletea mwingine, naye simtaji. Nawapa dalili tu.

Yupo kila mji wa Tanzania. Anaamka kabla ya jua. Hana honi, hana taa, hana bima. Akigongwa, habari inasema "mtembea kwa miguu ambaye jina lake halikufahamika mara moja". Na mara nyingi halifahamiki hata mara ya pili, maana kesho yake habari imeshapita.

Umeshampata? Basi twende kwenye historia yake, kwa sababu huyu mtu hakuanza kuwa mgeni barabarani. Alifanywa mgeni.

Ghuba ina jina la Speke, njia haina jina la mtu

Nianzie huku kwetu Nassa, mkoa wa Simiyu. Ukisimama ufukweni, maji unayoyaona kwenye ramani yanaitwa Ghuba ya Speke. Speke ni yule Mwingereza aliyefika kusini mwa ziwa, pande za Mwanza, mwaka 1858, akalipa ziwa lote jina la malkia wake. Sawa. Ila Speke hakupaa. Alifuata njia ambazo watu walishazikanyaga miaka mingi kabla yake, na mizigo yake ilibebwa na wapagazi.

Wapagazi hao, wengi wao Wanyamwezi na Wasukuma, walikuwa wanatembea kutoka bara mpaka pwani na kurudi. Mzigo kichwani au begani, kilo 30 hivi. Njia yenyewe ilikuwa nyembamba, watu wanapita mmoja nyuma ya mwenzake, msafara unajinyoosha kama siafu. Wachache sana tunawajua majina. Hata Sidi Mubarak Bombay tunamjua kwa sababu wazungu walimwandika. Waliobaki, maelfu kwa maelfu, hawana hata kichochoro chenye jina lao.

Kwa hiyo weka hili kichwani: barabara ya kwanza ya nchi hii ilichorwa na miguu.

Wakailima, halafu wakaambiwa wapishe

Wakoloni walipokuja walitaka njia pana, za kupitisha askari, kodi na mazao. Nani alizilima? Yuleyule asiyetajwa jina. Enzi za Waingereza, mtu aliyeshindwa kulipa kodi ya kichwa au ya nyumba aliweza kupelekwa kufanya kazi za umma, na barabara ilikuwa moja ya kazi hizo. Jembe, karai, jua la utosi.

Huku kanda ya ziwa pamba ikashika kasi. Malori yakaanza kubeba marobota kwenda Mwanza. Mwaka 1955 vyama vya ushirika vya wakulima wa pamba viliungana kuwa shirikisho moja kubwa, Victoria Federation, na Paul Bomani akiwa mmoja wa viongozi wake. Pesa ya pamba ikaleta baiskeli Usukumani. Mpaka leo huku kwetu baiskeli sio mazoezi ya Jumapili, ni usafiri kamili: inabeba mama, gunia, dumu la maji na mtoto mbele kwa safari moja.

Mjini nako mambo yalipangwa kwa rangi. Dar es Salaam iligawanywa kuwa Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Mnazi Mmoja pakaachwa wazi kama mpaka kati ya Uhindini na Kariakoo. Uzunguni kulikuwa na barabara za miti na kivuli. Uswahilini, ambako karibu kila mtu alitembea kwa miguu, ndiko huduma zilichelewa kufika. Angalia vizuri: wenye magari walikuwa wachache kabisa, lakini mji ulianza kupimwa kwa saizi ya gari lao.

Neno "mshamba" lilivyouza magari

Usidhani ni sisi tu. Marekani, mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1920, barabara ya mjini ilikuwa ya wote. Watoto walicheza, wachuuzi waliuza, watu walikatiza popote. Gari likaja likaanza kuua, hasa watoto, na watu wakawaka. Mwaka 1923, mji wa Cincinnati, wakazi zaidi ya 42,000 walitia saini wakitaka kila gari lifungwe kifaa cha kulizuia lisizidi kilomita 40 kwa saa.

Wauza magari walishtuka. Walipiga kampeni kali na pendekezo likaanguka. Halafu wakabadilisha mchezo wenyewe: badala ya kuuliza "kwa nini gari linakimbia?", watu wakafundishwa kuuliza "kwa nini huyu anavuka hapa?". Likasambazwa neno la kumdhalilisha anayekatiza barabara, ambalo kwa maana yake hasa ni "mshamba anayetembea". Yaani ukivuka vibaya wewe wa kuja, hujui mjini. Miaka michache baadaye neno la matusi likawa kosa la kisheria.

Sasa sikiliza makonda na madereva wetu. "Oya mshamba, unavukaje?" Miaka mia moja imepita na neno ni lilelile.

Uholanzi nako, ambako leo tunaona picha za watu wanapeta na baiskeli, haikuwa hivyo tangu zamani. Mwaka 1971 ajali za barabarani ziliua watu zaidi ya 3,000 kwenye nchi ile ndogo, watoto wakiwa zaidi ya 400. Wazazi wakaingia barabarani na bango linalosema acheni kuua watoto. Walilala chini, walifunga mitaa, watoto wakacheza mpira katikati ya njia. Njia za baiskeli tunazoziona zilifuata baada ya hapo. Wengi wa wazazi wale nao hakuna anayewataja.

Na Japani, mwaka 1967, mji wa Okayama, karibu na shule ya wasioona, ziliwekwa kwa mara ya kwanza zile vigae vyenye vinundu vinavyosikika mguuni. Aliyevibuni ni Seiichi Miyake. Leo vipo dunia nzima, na asiyeona anajua kwa unyayo wake tu kwamba hapa ndo mwisho wa usalama, mbele kuna magari.

Mita 60, na mtembea kwa miguu hana hata mbili

Turudi Bongo. Mnaikumbuka alama ya X nyekundu ukutani? Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu na za mikoa kutoka mita 22.5 kila upande mpaka mita 30. Jumla mita 60. Watu wengi waliojenga zamani walijikuta wako ndani ya hifadhi.

Sasa piga hesabu na mimi. Lami ya njia mbili ina upana wa mita 7 hivi. Toa kwenye 60, zinabaki 53. Ndani ya mita 53 imeshindikana vipi kupata mita mbili za mtu kutembea bila kukanyaga lami? Hapa kukosa ardhi sio sababu. Aliyechora alianza na gari, akamaliza na gari.

Barabara ya Mwanza kwenda Musoma na Sirari inapita wilaya yetu ya Busega. Lamadi ndipo inapochepuka ile ya Bariadi, kilomita 71.8 za lami zilizozinduliwa mwaka 2017. Lami ni baraka, sibishi. Mgonjwa anafika hospitali, dagaa na mpunga vinafika sokoni. Ila lami hiyohiyo ndio uwanja wa shule, njia ya ng'ombe, kituo cha bodaboda na soko. Basi la mikoani likitoka porini linaingia senta na mwendo wa porini.

Na mwendo ndio kila kitu. Chukua dereva anayetumia sekunde moja kushtuka kabla ya kukanyaga breki, barabara kavu, breki nzima. Akiwa kwenye 30 kwa saa anasimama ndani ya mita 13 hivi. Kwenye 50, mita 28. Kwenye 80, karibu mita 57. Mtoto akitokea mita 20 mbele, wa 30 amesimama na wa 80 hata hajaanza kupunguza. Huo ni uhai wa mtoto, na umeamuliwa na namba kwenye dashibodi.

Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani zinaua watu kama milioni 1.19 kila mwaka, na ndio chanzo kikuu cha vifo vya watu wa miaka 5 mpaka 29. Yaani umri wetu sisi tunaosoma hapa, na wadogo zetu.

Tumeshaweza, tatizo tumeishia njiani

Ukweli usemwe, Bongo tuna vitu vya kujivunia. Mwendokasi ilianza Mei 2016 Dar, kutoka Kimara mpaka Kivukoni. Ile barabara ilichorwa ikiwa na njia za waenda kwa miguu na baiskeli pembeni, na sakafu ya kituo ipo usawa mmoja na ya basi, ili mwenye kiti cha magurudumu aingie bila kubebwa kama mzigo. Ndio maana Dar ilichukua tuzo ya dunia ya usafiri endelevu ya mwaka 2018, mji wa kwanza wa Afrika. Kwamba leo njia ya baiskeli imejaa pikipiki na meza za biashara, hilo ni la usimamizi, maana mchoro ulimkumbuka kila mtu.

Halafu kuna hili ambalo halikupigiwa kelele. Shirika la Amend lilizunguka shule za msingi Dar zenye watoto wengi wanaogongwa. Walichofanya hakikuwa cha ajabu: matuta, zebra, vibao, njia ya miguu, nguzo fupi za kuzuia magari, na mahali pengine kuhamisha tu geti la shule kutoka barabara yenye fujo. Walilinganisha shule zilizofanyiwa kazi na ambazo zilikuwa bado. Majeruhi wa watoto walipungua kwa asilimia 26. Mwaka 2019 mradi huo ulishinda tuzo ya dola 250,000 ya taasisi ya WRI.

Geti, wadau. Kuhamisha geti tu.

Na sheria ipo. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inawapa haki ya kufika na kutumia sehemu za umma kama mtu mwingine. Mtaro usio na mfuniko mbele ya zahanati ni ukuta kwa mwenye fimbo nyeupe. Ngazi tatu ni ukuta kwa mwenye kiti. Na barabara ambayo asiyeona anaivuka salama, mjamzito, mzee na mtoto wa darasa la kwanza wanaivuka pia.

Kwa hiyo huku Nassa, na kwenu pia, tujue mlango wa kugonga. Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS. Za wilaya na mitaa ni za TARURA. Mkutano wa kijiji au mtaa una haki ya kuandika muhtasari wenye ombi: tuta na zebra mbele ya shule fulani, mfuniko wa mtaro fulani, mita ngapi za njia ya miguu. Ombi lenye sehemu na kipimo ni gumu kulikalia kuliko "tunaomba mtusaidie". Na liombwe kabla mtu hajafa, maana tumezoea tuta linawekwa wiki moja baada ya msiba.

Nawaachia kazi kwenye maoni. Andika jina la shule iliyo kando ya barabara kubwa kitaani kwenu, kisha useme: zebra ipo au haipo, tuta lipo au halipo. Majina ya mastaa tupumzike leo, tutaje ya hizo shule.