Kujichunguza matiti: ushauri uliopimwa Shanghai

Kwa miongo kadhaa wanawake wa nchi nyingi walifundishwa kwamba kujichunguza matiti kila mwezi, kwa utaratibu maalumu, kungewaepusha na kifo cha saratani. Ushauri huo ulienea kabla haujathibitishwa.

Mwaka 1950 Chama cha Saratani cha Marekani na Taasisi ya Taifa ya Saratani ya nchi hiyo vilitoa filamu ya kuwafundisha wanawake namna ya kujikagua nyumbani. Zama hizo eksirei ya matiti ilikuwa bado haijaenea, na wagonjwa wengi walifika hospitali uvimbe ukiwa umeshakua. Hoja ilieleweka kwa urahisi: uvimbe ukigunduliwa mapema, mgonjwa ana matumaini zaidi ya kupona.

Mwaka 1974 ushauri huo ulipata nguvu mpya. Mwezi Septemba Betty Ford, mke wa Rais wa Marekani, alifanyiwa upasuaji wa saratani ya titi na hakuficha. Wiki chache baadaye Happy Rockefeller, mke wa Nelson Rockefeller, aliyekuwa ameteuliwa kuwa Makamu wa Rais, alijikagua akagundua uvimbe.

Swali la iwapo mafunzo hayo yanapunguza vifo lilijibiwa nchini China. Kuanzia mwaka 1989, wanawake 266,064 wa viwanda vya nguo vya Shanghai waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilifundishwa kujichunguza, likakumbushwa na kusimamiwa kwa miaka 5. Jingine lilifundishwa namna ya kujikinga na maumivu ya mgongo.

Matokeo ya mwisho yalichapishwa mwaka 2002. Waliokufa kwa saratani ya matiti walikuwa 135 katika kundi lililofundishwa, na 131 katika lile jingine. Kilichoongezeka ni uvimbe usio saratani, na pamoja nao hofu na upasuaji usiohitajika. Mwaka 2009 jopo linalotoa miongozo ya kinga nchini Marekani lilishauri mafunzo hayo yasitolewe tena.

Hata hivyo, matokeo hayo hayamaanishi kwamba mwanamke apuuze mwili wake. Wafanyakazi wa Shanghai walikuwa na zahanati viwandani na hospitali za kuwatibu. Katika nchi nyingi za Afrika, zikiwemo za Afrika Mashariki, wagonjwa wengi bado huonana na daktari wakati ugonjwa umeshaenea.

Ndiyo maana mkazo umehamia kwenye jambo jingine: mwanamke aifahamu hali ya kawaida ya matiti yake. Akiona uvimbe titini au kwapani, ngozi iliyobonyea, chuchu iliyoingia ndani au inayotoa damu, aende hospitali bila kukawia. Mkono wake unaweza kugundua badiliko, lakini kinachookoa maisha ni uchunguzi na matibabu yanayofuata.