Fahamu Namna Malighafi Asilia Zinavyosaidia Kujenga Upya Misuli Iliyoharibika

Msalato, Dodoma

Mnada wa mifugo wa Msalato ni miongoni mwa minada inayofahamika jijini Dodoma. Ng'ombe wauzwao mnadani hujulikana zaidi kwa nyama, lakini ngozi, mifupa na kano zao zina kolajeni, protini ambayo wanasayansi huitumia kutengeneza vifaa vya kusaidia mwili kujenga upya misuli.

Misuli inayoshikamana na mifupa huchukua takriban asilimia 40 ya uzito wa mwili. Mchaniko mdogo hupona wenyewe kwa kazi ya seli za setilaiti, zilizobainishwa na mwanasayansi Alexander Mauro mwaka 1961. Hata hivyo, sehemu kubwa ya msuli ikipotea kwa ajali ya barabarani, kuungua au sumu ya nyoka kama kifutu, seli hizo huzidiwa. Kovu huchukua nafasi ya msuli, na kwa kuwa kovu halijikunji, kiungo hupoteza nguvu. Kwa mkulima au mfugaji, hali hiyo humaanisha kupoteza riziki.

Hapo ndipo malighafi asilia zinapohitajika. Miongoni mwake ni kolajeni, jelatini, faibrini itokanayo na damu, alginati ya mwani wa kahawia na kitosani ya maganda ya kamba. Nyingine ni utando wa kibofu au utumbo wa nguruwe uliosafishwa hadi kuondolewa seli zote. Malighafi hizo hupandikizwa zikiwa kiunzi cha muda: seli za mgonjwa hujishikiza humo, mishipa ya damu huota, nacho kiunzi huyeyuka taratibu.

Mwaka 2014, watafiti wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, Marekani, wakiongozwa na Stephen Badylak, walitoa matokeo ya wagonjwa 5 waliopandikizwa utando wa aina hiyo. 3 kati yao walipata nafuu ya kiutendaji. Mwaka 2016, matokeo ya wagonjwa 13 yalionesha nguvu kuongezeka kwa wastani wa takriban asilimia 37 miezi sita baada ya upasuaji. Mazoezi ya viungo yaliyoanza mapema yalikuwa sehemu ya tiba hiyo, ambayo ingali katika hatua za utafiti.

Nchini Tanzania, majaribio ya dawa na vifaa tiba kwa binadamu husimamiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), huku Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) ikishughulikia kibali cha maadili.

Wananchi wazingatie kuwa ngozi mbichi au mwani usiosafishwa kitaalamu si dawa ya kidonda, na huweza kuleta maambukizi. Aliyeumwa na nyoka asichanjwe wala kufungwa kamba. Atulizwe, kiungo kisitikiswe, na awahishwe hospitalini, kwani msuli uliookolewa mapema hauhitaji kujengwa upya.