Kuicheka Hatari! kule Mungaa

Katika darasa la uhakiki tulifundishwa kwamba kazi ya sanaa hupimwa kwa fani na maudhui, na kwamba msomaji anayesema "nimeipenda tu" bado hajasema kitu. Nakubali. Lakini ipo sinema moja ambayo kila nikiiweka kwenye mizani hiyo inaanguka, na kila nikiitazama nacheka kama mtoto mdogo. Ni Hatari! ya Howard Hawks, iliyopigwa picha hapa hapa kwetu. (Vijana wa sasa wakisema kitu ni hatari wanamaanisha ni kizuri kupita kiasi. Hawks hakulijua hilo, lakini jina limemkalia vizuri.)

Ndugu msomaji, tuanze na tarehe, maana tarehe zenyewe zinasema mengi. Kikosi cha Hawks kilikuja Tanganyika mwishoni mwa mwaka 1960 na kupiga picha hadi mwaka 1961, pande za Arusha, Momella, Manyara na Ngorongoro. Bendera iliyokuwa ikipepea ni ya Mwingereza. Sinema ilipoanza kuonyeshwa Marekani mwaka 1962, nchi ilikuwa imeshapata uhuru, Desemba 9, 1961, na Waziri Mkuu alikuwa Rashidi Kawawa. Na Kawawa mwenyewe, wala si utani, aliwahi kuwa mwigizaji: alicheza katika Muhogo Mchungu, sinema ya miaka ya hamsini. Yaani wakati Wamarekani wanakata tiketi kumwangalia John Wayne akikimbiza wanyama wa Tanganyika, Tanganyika ilikuwa inaongozwa na mtu aliyeijua kamera kwa mbele. Ndani ya Hatari! hutaona dalili yoyote ya hayo. Dakika 157, na siasa haijapita hata kwa mbali.

Kisa chake ni kifupi mno. Kundi la wageni wanakamata wanyama hai kwa ajili ya bustani za wanyama za ng'ambo. Wayne ndiye mkubwa wao. Anakuja mpiga picha, Elsa Martinelli, naye anageuka mama wa ndama watatu wa tembo. Red Buttons anaunda roketi ya kunasia nyani mtini. Watu wanapendana, wanaoneana wivu, wanakunywa, asubuhi wanatoka tena. Basi.

Wahakiki wengi wa magazeti waliishika hapo hapo: ndefu mno, hadithi nyembamba, utani wa kitoto. Huko Ufaransa wakina Jean-Luc Godard wakaona kinyume chake, na Godard akaiweka katika orodha yake ya sinema bora za mwaka 1962. Wale wa magazeti hawakukosea kuhusu hadithi. Hawks alitanguliza mawindo, hadithi ikafuata nyuma, kwa sababu huwezi kumwandikia kifaru maneno ya kusema. Waigizaji wenyewe walipanda magari na kukimbiza wanyama wa kweli. Gari likiyumba, limeyumba kweli.

Lakini lipo shutuma la pili, na hili ndilo linaloniuma, kwa kuwa ni letu. Mwafrika katika sinema hii hana usemi. Anabeba, anafunga, anacheka wageni wakicheka. Ngorongoro inaonekana kama nyika isiyo na mwenyewe, wakati ni mwaka 1959 tu ambapo Wamasai walikuwa wametolewa Serengeti na eneo la Ngorongoro kutengwa rasmi. Mhakiki wa kimaksi hahitaji hata miwani kuyaona haya. Hivi basi mimi ninayecheka ni nani? Msaliti?

Jibu, au nusu yake, nililipata nyumbani Mungaa, Singida, wakati wa likizo. Jenereta, deki, runinga moja, na watu wamebanana kwenye mabenchi hadi nje. Mungaa ni kwa Wanyaturu, watu wa uwele, mtama na ng'ombe. Kiingereza cha Wayne hakikufika mbali mle ndani. Mambo ya mapenzi yalipopita, watu waliongea mambo yao, mmoja akatoka kununua sigara. Nyani walipolipuliwa na roketi, watoto walilia kwa kicheko. Lakini kifaru alipotokea, kibanda chote kikanyamaza.

Mnaokumbuka sehemu hiyo mtanielewa. Gari linakwenda sambamba na kifaru, mtu amekaa kwenye kiti pembeni ameshika mti wenye kitanzi. Kitanzi kinaingia. Halafu wanaruka wale vijana wa Kiafrika, kwa miguu yao, kwenda kumfunga mnyama ambaye bado ana nguvu za kuua. Hapo kibanda kililipuka. "Mguu wa nyuma! Shika wa nyuma kwanza!" Walikuwa hawamwambii John Wayne. Walikuwa wanawaambia wale wenye kamba, kama unavyomwelekeza jirani anayehangaika na fahali wake. Kumbe muda wote nilikuwa nimemtazama yule niliyeelekezwa na jina kubwa kwenye bango, na wao walikuwa wanatazama kazi.

Baba mkubwa alikuwa amekaa karibu nami. Akaniuliza, "Mwanangu, hawa wanaofunga ni waigizaji?" Nikasema sidhani, nadhani ndiyo ilikuwa kazi yao. Akaguna. "Basi hao ndio wanaojua. Huyu mrefu anangoja wamalize."

Naweza kuandika kurasa 20 juu ya ukimya wa Mwafrika katika sinema ile, na zitakuwa za kweli. Ila pale kibandani ukimya huo ulijazwa na watu wanaojua uzito wa kamba. Ukamataji wa namna ile umeshapitwa na wakati, sindano ya usingizi imechukua nafasi yake, na ujangili wa miaka ya 1970 na 1980 nusura uwamalize vifaru. Ule ustadi wa mikono umebaki kwenye sinema ambayo wahakiki walisema haina kitu.

Picha ilipoisha, ndama wa tembo wakimfukuzia mama yao mjini Arusha, nilidhani watu watatawanyika. Baba mkubwa akamwita mwenye deki arudishe pale kwenye kifaru. Akarudisha. Wakataka tena. Mara ya nne jenereta likaishiwa mafuta.