Baba Yangu, Profesa wa Ziwa

Baba yangu hakupata kusoma chuo kikuu. Hata hivyo, katika vijiji vya mwambao wa Ziwa Nyasa, kuanzia Liuli hadi Lituhi, watu walimwita Profesa. Wengine kwa heshima, wengine kwa dhihaka. Tangu alipofariki mwaka 1991 sijaandika neno juu yake. Sasa nimevuka miaka sabini, macho yanapungua nuru, na naona si haki kuondoka na habari zake kifuani.

Alizaliwa karibu na Liuli, Vita vya Kwanza vya Dunia vikielekea ukingoni. Wajerumani waliiita Liuli Sphinxhafen, kwa sababu ya mwamba ulioko bandarini ambao ukiutazama kutoka majini unafanana na ile sanamu kubwa ya Misri. Hapo ndipo tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, ilipoipiga mizinga meli ya Kijerumani, Hermann von Wissmann. Meli hiyo ilikuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo, na nahodha wake alikuwa hana hata habari kwamba vita vimeanza.

Babu alikuwapo siku ile. Kila alipoisimulia, watoto wengine walitaka kusikia mlio wa mzinga. Baba, nasikia, aliuliza jambo lingine: "Siku hiyo maji yalikuwa yamefika wapi?" Babu akampeleka ufukweni amwonyeshe jiwe alilokuwa amejificha nyuma yake. Jiwe halikuonekana. Lilikuwa limemezwa na ziwa, na mitumbwi ilipita juu yake. Ndipo baba alipoanza kazi aliyoifanya hadi kufa kwake.

Alisomea ualimu Minaki, chuo cha misheni ya UMCA. Aliporudi nyumbani, jambo la kwanza alilofanya, kabla hata ya kwenda kuposa, lilikuwa kupigilia msumari wa chuma katika ufa wa mwamba. Kuanzia hapo alipima maji mara mbili kwa mwaka: mwezi wa Mei, ziwa linapokuwa limejaa baada ya masika, na mwezi wa Novemba, kabla ya mvua, linapokuwa limepungua. Aliandika vipimo katika daftari la shule, kwanza kwa futi na inchi, baadaye kwa mita. Alipohamishiwa mbali na ziwa aliomba likizo zake ziangukie miezi hiyo. Mama alizoea.

Msomaji asiyelijua ziwa letu na afahamu jambo hili. Mito inayoingia ni mingi, ukiwamo Ruhuhu wa upande wetu, lakini mto unaotoka ni mmoja tu, yaani Shire, kule kusini nchini Malawi, ambao huenda kuungana na Zambezi. Tena hata huo hauchukui sehemu kubwa ya maji; mengi zaidi huchukuliwa na jua kwa njia ya mvuke. Kwa hiyo mvua ikipungua au kuzidi kwa miaka kadhaa mfululizo, ziwa zima hushuka au kupanda. Kufikia mwaka 1915 lilikuwa limeshuka hata Shire ikaacha kutoka. Mchanga na matete vikaziba mdomo wake, na kwa muda wa miaka ishirini hivi ziwa likawa kama chungu kisicho na tundu, likapanda polepole mpaka maji yakapata tena njia yake, mwaka 1935 hivi. Babu alijificha nyuma ya jiwe ziwa likiwa karibu na chini kabisa, na baba akakua nalo likipanda. Hayo baba aliyajua baadaye, kwa kuuliza mabaharia na kwa kusoma. Alianza na jiwe tu.

Darasani alikuwa hivyo hivyo. Alipofundisha Mbinga aliwachukua wanafunzi kwenda kuona ngoro, yale mashimo ambayo Wamatengo huyalimia katika miteremko mikali. Wanaume hukata nyasi na kuzipanga chini katika miraba. Wanawake huchimba udongo wa katikati na kuzifunika zile nyasi. Zinazooza huwa mbolea, na mashimo yanayobaki hushika maji ya mvua ili yasiporomoshe udongo. Juu ya matuta hupandwa maharage, na msimu unaofuata mahindi. Baba alimwomba mama mmoja mwenye shamba aeleze, naye akakaa chini pamoja na watoto. "Leo mwalimu ni huyu," alisema, "na mimi nina daftari kama ninyi." Mwalimu mwenzake mmoja alimcheka. Katika miaka ya 1990 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wa Kyoto, Japani, walikuja katika milima hiyo hiyo na madaftari yao. Baba hakuwaona.

Sasa niseme lililonifanya nishike kalamu.

Ziwa lilipanda sana mwishoni mwa miaka ya 1970, na mwaka 1980 likafikia kimo ambacho hakuna mzee aliyekikumbuka. Katika kijiji chetu maji yaliingia mashamba ya mpunga na mihogo, yakabomoa nyumba za mstari wa mbele, kisha yakafika makaburini. Hapo ndipo maneno yalipoanza. Palikuwa na bibi mmoja mjane ambaye mwanawe alikuwa amekufa maji, na maiti haikupatikana. Ikasemwa kwamba ndiye anayeliita ziwa, ili limrudishie mwanawe au lichukue wa wenzake.

Mkutano uliitishwa chini ya mwembe. Mimi nilikuwa nimekuja likizo kutoka Mbinga, kijana wa miaka thelathini, mwalimu mkuu mpya wa shule ya msingi, nimevaa viatu vya kung'aa. Wazungumzaji wanne walifuatana, wote wakitaka bibi afukuzwe. Yeye alikuwa amekaa kwenye mzizi wa mwembe, mikono mapajani, haangalii mtu. Wazee wakanitazama mimi, msomi. Mimi nikatazama viatu vyangu. Nilijua kwamba ziwa haliitwi na mtu. Nilikuwa nimelifundisha somo hilo darasani. Lakini niliogopa kuchukiwa nyumbani, na niliogopa kusemwa kwamba Mbinga imenifanya niwadharau wakubwa. Nikanyamaza.

Baba akainuka na daftari lake. Akasema, "Wazee wangu, huyu bibi alipozaliwa, ziwa lilikuwa tayari linapanda." Akasoma mwaka baada ya mwaka, taratibu, kama anayeita mahudhurio ya darasa. Akaonyesha kwamba maji yalikuwa yameanza kupanda muda mrefu kabla mtoto yule hajafa. Akawaalika waende wakahesabu misumari wenyewe. Wengine wakaenda.

Mzee mmoja akamwuliza, "Profesa, kama unajua yote hayo, tuambie basi, litashuka lini?"

Watu wakacheka. Baba akajibu, "Sijui, ndugu yangu. Najua kwamba kabla ya mvua litapungua kidogo, maana kila mwaka hupungua. Mwakani litakuwaje, sijui. Nitapima."

Nilitamani aseme tarehe, tarehe yoyote, ashinde. Hakusema. Mkutano ulivunjika bila uamuzi, bibi hakufukuzwa. Lakini baada ya wiki mbili aliondoka mwenyewe kwenda kwa kaka yake, kwa sababu hakuna aliyempa moto wala chumvi. Baba ndiye aliyembebea mkeka na chungu hadi kwenye mtumbwi. Baada ya hapo ziwa lilianza kupungua. Hakuna aliyekwenda kumrudisha.

Juu ya ukimya wangu baba hakunena lolote, wala siku ile wala baadaye. Angenikemea ningepona mapema.

Miaka kadhaa baada ya kumzika nilisoma habari za Erasto Mpemba, Mtanzania mwenzetu. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, Lushoto, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake, akaweka maziwa ya moto ndani ya friji bila kungoja yapoe. Akakuta yamegandia mbele ya yale yaliyowekwa baridi. Alipouliza, mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Alipofika Mkwawa, Iringa, akauliza tena, akaambiwa kuwa hiyo ni fizikia ya Mpemba na si ya ulimwengu, na wenzake wakaifanya mzaha wa kila siku. Kisha shule ikatembelewa na mhadhiri kutoka Dar es Salaam, Dakta Denis Osborne. Kijana akasimama akauliza tena, wenzake wakicheka. Osborne hakuamini, lakini aliahidi kujaribu, naye akajaribu. Fundi wa maabara alimletea habari kwamba maji ya moto yaligandia mbele kweli, lakini akaongeza kuwa wangerudia mpaka wapate jibu sahihi! Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha makala kwa majina yao wote wawili. Wataalamu wanabishana hadi leo. Mwaka 2016 wengine huko Uingereza walipima upya wakasema hawaoni ushahidi wa kutosha. Na wapime.

Osborne baadaye alikuwa mwakilishi wa Uingereza nchini Malawi, kati ya mwaka 1987 na 1990. Kwa hiyo katika miaka ya mwisho ya uhai wa baba, watu hao wawili walikuwa ng'ambo na ng'ambo ya ziwa moja, wasijuane. Nimelifikiria hilo mara nyingi. Mimi nilikuwa na cheti cha ualimu na cheo cha mwalimu mkuu, na mbele ya watu sikuweza kusema hata lile nililolijua. Wao walisema mbele ya watu lile wasilolijua, kisha wakaenda kulipima.

Katika utumishi wangu uliosalia nilijilazimisha jambo moja: mtoto akiuliza nisilolijua, niseme mbele ya darasa zima kwamba sijui. Mara ya kwanza jasho lilinitoka. Sidai kwamba hilo linalipa deni la yule bibi.

Daftari ninalo, kurasa za mwanzo zimeliwa na mchwa pembeni. Kipimo cha mwisho ni cha Mei 1991, mwandiko unatetemeka. Novemba ile nilikwenda na rula kando ya mwamba, nikapima, nikaandika chini yake kwa mwandiko wangu. Sasa kwa miguu hii siwezi tena kuteremka. Mjukuu wangu hunisomea kutoka majini kwa sauti, nami huandika.

Mwenyezi Mungu ailaze roho ya marehemu baba mahali pema, na yule bibi naye.