Kanitha Chini ya Mlima Kenya: Historia ya Tumutumu kwa Ushahidi wa Maneno

Kusini magharibi mwa Uskoti kuna mji mdogo sana, ambao kwa kipimo chetu ni kijiji tu, uitwao Whithorn. Bede, mtawa na mwanahistoria wa Kiingereza aliyeandika mwaka 731, anasimulia kwamba askofu mmoja, Ninian, alijenga hapo kanisa la mawe, jambo ambalo halikuwa desturi ya wenyeji, na kwa ajili hiyo mahali hapo pakaitwa kwa Kilatini Candida Casa, yaani Nyumba Nyeupe. Waingereza wa kale walipofika hawakulitupa jina hilo. Walilifasiri kwa lugha yao, na fasiri hiyo ndiyo iliyokuwa Whithorn. Kwa karne nyingi mahujaji walimiminika huko, mpaka Mageuzi ya Kanisa ya mwaka 1560 yalipoikomesha biashara hiyo. Nilipata kupita hapo nilipokuwa masomoni ng'ambo, siku ya mvua ya manyunyu, nikaona mtaa mmoja mpana na magofu ya kanisa. Kuta zilikuwa zimeanguka, ila jina lilikuwa zima.

Makala haya hayahusu Whithorn. Yanahusu Tumutumu, karibu na Karatina katika Nyeri, mahali ambapo Waskoti wenyewe walikuja kufanya yale waliyofanyiwa na watawa wa kale. Nimetaja Whithorn kwa sababu ya njia ya uchunguzi tu. Nia yangu ni kuonyesha kwamba historia ya kijiji kilichozaliwa na kanisa yaweza kusomwa katika maneno yake, na kwamba maneno hayo hushuhudia hata yale ambayo taarifa za wamisionari hazikupenda kuyakiri, hasa kwamba wenyeji hawakuwa wapokezi tu.

Misheni ya Kiskoti ilianza Kibwezi, katika nchi ya Wakamba, mwaka 1891, kwa fedha za wakurugenzi wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki. Mwaka 1898 ilihamia Ukikuyuni, karibu na Dagoretti, na mwaka 1901 Kanisa la Uskoti likaichukua rasmi. Kati ya 1908 na 1910 kituo cha pili kilifunguliwa kaskazini, kwenye kilima cha Tumutumu. Arthur Ruffell Barlow, kijana aliyekuwa na sikio la ajabu kwa lugha, alikuwa miongoni mwa waanzilishi. Daktari Philp alimfuata, na hospitali ikaota mizizi.

Yafaa ikumbukwe kwamba Wakikuyu wa zamani hawakuishi vijijini. Walikaa katika miji ya ukoo, kila mũciĩ peke yake, imetawanyika juu ya mgongo wa mlima uitwao rũgongo. Kwa hiyo kituo cha misheni, chenye nyumba za walimu, bweni, shule, zahanati na kengele moja iliyowaamrisha wote, kilikuwa kitu kigeni kwa umbo lake kabla hata ya kuwa kigeni kwa imani yake. Waliohamia huko waliitwa athomi, wasomaji. Hawakuitwa waumini. Jina hilo, kwa maoni yangu, lina uzito kuliko kurasa nyingi za ripoti, kwa kuwa majirani waliona wazi kwamba tendo lililowatenga watu hawa na wenzao lilikuwa kusoma.

Na nyumba yenyewe ya ibada iliitwaje? Mskoti wa kawaida huiita kirk, neno lenye asili ya Kiyunani. Lakini Mkikuyu husema kanitha, nalo si jingine ila kanisa letu la Kiswahili, lililotoka Kiarabuni, ambako nako lilikopwa kutoka Kiaramu. Msalaba ukawa mũtharaba, kalamu ikawa karamu, sabuni ikawa thabuni. Kikuyu hakina s wala l, hivyo th na r huchukua nafasi zao. Misafara ya pwani ilikuwa imekwisha kupita njia hizo kabla ya Waskoti, na Kibwezi yenyewe ilikuwa juu ya barabara ya misafara. Wenzetu wanaodai kwamba Kiswahili hakikuwa na kazi katika Ukristo wa bara wangefanya vyema kuanzia hapa: misheni iliyochagua kufundisha kwa Kikuyu ilihubiri ndani ya nyumba yenye jina la Kiswahili.

Jina la kituo mama ni zuri zaidi kwa mwanaisimu. Kituo cha karibu na Dagoretti huitwa Thogoto, na maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba neno hilo ni Scot katika kinywa cha Mkikuyu. S imekuwa th, na irabu zimeingizwa kuvunja fungu la konsonanti. Lakini kwa nini g badala ya k? Hapo pana ile kanuni iliyopewa jina la Dahl, mmisionari wa Unyamwezi: k hulainika ikiwa silabi inayofuata huanza na konsonanti isiyo ghuna, kama t. Ndiyo maana twasema Gĩkũyũ, na ndiyo maana karamu, ambayo k yake hufuatwa na r, haikubadilika. Kama Whithorn, Thogoto ni jina la wageni lililopitishwa katika sheria za wenyeji.

Tumutumu ilipata sifa kwa vitabu. Barlow alitoa sarufi yake ya Kikuyu mwaka 1914; Marion Stevenson, aliyehamia huko mwaka 1912, alijishughulisha na shule na tafsiri. Agano Jipya lilitoka mwaka 1926 na Biblia nzima mwaka 1951. Hapa pana kinaya ambacho sikukisoma popote wakati wa masomo yangu. Wagaeli wa Uskoti walingoja Agano Jipya katika lugha yao hadi mwaka 1767, miaka 207 baada ya Mageuzi ya Kanisa. Wakikuyu hawakungoja hata miaka 30 tangu misheni ifike kwao.

Lakini kufasiri ni kuamua, na uamuzi mmoja uliwarudia wafasiri. Mama wa Yesu aliitwa mũirĩtu. Kwa Kikuyu cha wakati ule mũirĩtu ni msichana aliyekwisha tahiriwa. Ambaye bado ni kĩrĩgũ. Misheni ilipopambana na tohara ya wasichana mwaka 1929, wapinzani wake walikuwa na Maandiko mkononi: je, si ninyi mlioandika kwamba Maria alikuwa mũirĩtu? Hoja hiyo haikuwa utani. Ilikuwa hoja ya wasomaji, na misheni ndiyo iliyowafundisha kusoma. Kiswahili kiliepuka mtego huo kwa kuwa kilikuwa na bikira, neno la mkopo lisilokuwa na jando wala unyago ndani yake.

Mwaka huohuo Stevenson alianza kutumia maneno ya Kiingereza yenye maana ya kukata na kuharibu mwili badala ya yale ya tohara, na Baraza la Wamisionari likamfuata. Tusicheke. Kiswahili chetu nacho kilitoka kwenye tohara, lenye asili ya usafi, kikafika ukeketaji, na sheria ya Kenya ya mwaka 2011 ilipopiga marufuku kitendo hicho neno lilikuwa limekwisha kutoa hukumu. Mimi naiona hukumu hiyo kuwa ya haki. Lakini waliolazimishwa kuifikia mwaka 1929 walilazimishwa kwa alama ya kidole, kwa kuwa waumini walitakiwa kuthibitisha kwamba wameiacha desturi hiyo na kwamba si wafuasi wa Kikuyu Central Association. Waliotia alama waliitwa kĩrore, jina la alama yenyewe. Waliokataa wakajiita karing'a, walio safi. Wimbo wa Mũthĩrĩgũ ukaenea hadi serikali ikaupiga marufuku mwaka 1930. Pigo lilikuwa kubwa zaidi Thogoto kuliko Tumutumu, ingawa Nyeri nayo ilipata shule zake huru, zilizofungwa na serikali mwaka 1952.

Wakatoliki wa Consolata, waliofika Tuthu mwaka 1902 na kujenga Mathari, walikuwa na kiwanda cha kuchapa huko Nyeri na gazeti la Kikuyu, Wathiomo Mukinyu, tangu mwaka 1916. Habari zao zadai makala nyingine.

Kisha vikaja vijiji vya namna nyingine. Kati ya Juni 1954 na Oktoba 1955 serikali ya hali ya hatari iliwakusanya watu zaidi ya milioni moja katika vijiji 854, vingi vikizungukwa na mahandaki na miti iliyochongwa. Miji ya ukoo juu ya rũgongo ilibomolewa au ikachomwa. Katika Nyeri kuna wazee ambao, ukiwauliza habari za kijiji, huanza kukusimulia handaki. Na ukiwauliza habari za Tumutumu, hawakiiti kijiji. Husema tu kwamba walikwenda kusoma.