Wanafunzi wa Bologna na Waalimu Wao

Watu wengi hudhani kwamba desturi ya kumwuliza mwanafunzi wa chuo kikuu kama ameridhika na mafundisho ni jambo la siku hizi. Historia ya Bologna, mji wa kaskazini ya Italia, yaonyesha vingine.

Katika karne ya 12 watu wa nchi nyingi za Ulaya walimiminika huko kusoma sheria ya Kirumi. Wageni hawakuwa na haki za wenyeji. Kwa hiyo walifanya vyama vya kulindana, na chama kiliitwa universitas, neno la Kilatini lenye maana ya jumuiya. Neno hilo ndilo asili ya jina la chuo kikuu katika lugha nyingi za Ulaya.

Mkono mtupu haulambwi, na mkono wa wanafunzi hawa haukuwa mtupu: ada yao ndiyo iliyokuwa riziki ya mwalimu. Basi kanuni zao, kama zilivyoandikwa katika karne ya 14, zilikuwa kali. Mwalimu aliapa kumtii mkuu wa chama, naye alikuwa mwanafunzi. Hakuweza kukosa darasa hata siku moja bila ya ruhusa. Alianza kengele ilipolia, na ilipolia tena alinyamaza. Akiruka sura ngumu alitozwa faini. Na wasikilizaji wa somo lake kuu wakipungua watano, alihesabiwa kuwa hakuja.

Tukizipima kanuni hizi, twaona kwamba nyingi zilihesabu saa na kurasa. Ile ya watu watano ilikaribia mafundisho yenyewe, kwa kuwa mwalimu asiyeeleweka hukimbiwa. Lakini nayo ilikuwa na kasoro: arahisishaye mambo kupita kiasi aweza kujaza ukumbi, na mwenye elimu nzito akauacha mtupu. Tena, kutahini na kutoa shahada kulibaki mikononi mwa waalimu.

Tangu mwisho wa karne ya 13 serikali ya mji ilianza kuwalipa baadhi ya waalimu mishahara. Kadiri mshahara ulivyoishinda ada, sauti ya wanafunzi nayo ilififia, ingawa kanuni zilibaki vitabuni.

Vyuo vingi vya leo huwapa wanafunzi karatasi ya maoni mwisho wa muhula. Ni jambo jema. Walakini Bologna yatufundisha kwamba maoni hayana nguvu pasipo mtu anayelazimika kuyajibu. Mwanafunzi asiulizwe tu kama mwalimu alifika kwa wakati, bali aulizwe pia ameelewa nini. Kisha aonyeshwe jibu lake limebadili nini. Pasipo hayo, karatasi zitalala kabatini kama kanuni zile zilivyolala vitabuni.